Sukari ya Dalenda na Mawe ya Kinu

Sfax, 9 Novemba 1993

Kwa Mama Mkubwa wangu Mabruka, Nefta,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, na natumai hujambo, Ridha hajambo na mkewe hajambo, na mitende nayo haijambo. Lasad mume wangu anakusalimu. Mama mkwe wangu Manubia angekusalimu pia kama angejua kwamba nakuandikia. Simu iko chumbani kwake, imefunikwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe, na kila anayepiga hupigia mbele ya macho yake. Ndiyo maana unaona karatasi.

Nimejifungua tarehe 28 mwezi uliopita. Mtoto wa kike, tumemwita Ulfa. Kilo nne na robo tatu! Manubia aliutangazia mtaa mzima utadhani tumeshinda kombe. Aliyekunja uso ni daktari wangu, Bi Siham. Ile sukari niliyopata nikiwa na mimba ameniambia imeondoka na kondo la nyuma, ila wanawake wengi wa namna yangu huja kuugua sukari ya moja kwa moja miaka inayofuata, wengine hata kabla mtoto hajaanza shule. Nirudi kupimwa kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili. Nile vizuri, nitembee, ninyonyeshe. Akauliza kama kwetu kuna mwenye sukari. Nikamwambia mama yangu alikufa nayo akiwa na miaka hamsini na mmoja. Akaandika, akapiga mstari chini yake, mara mbili.

Sasa nikueleze balaa. Manubia amepika zriri ya uzazi kilo kumi na mbili. Unaijua zriri, lakini hujaijua ya huyu mama: ufuta na lozi zimewekwa kwa heshima tu, kilichobaki ni samli na asali. Kila mgeni hupewa kikombe kidogo, na mzazi hupewa kikombe kikubwa mara tatu kwa siku. Kwake, mzazi asiyenenepa ifikapo siku ya arobaini ni aibu ya nyumba. Wakaza wanawe wanne walionitangulia wote walinenepa na anazo kilo zao kichwani. Kila Ijumaa mzazi hupelekwa kwenye kinu cha zeituni cha kaka yake, Ammar, hukalishwa kwenye sinia la mizani ya magunia, hupimwa. Sisemi uongo. Mimi sasa nakaa mahali pa zeituni.

Siwezi kukataa zriri na siwezi kuila. Kwa hiyo Lasad anaila kwa niaba yangu, nyuma ya pazia, baada ya chakula cha mchana. Anafumba macho na kunishika mkono, anasema anajitoa mhanga kwa ajili ya familia.

Niambie nile nini. Na hicho kipimo, Mama Mkubwa, sidhani kama nitakwenda. Usinigombeze.

Mwanao,
Dalenda


Nefta, 24 Novemba 1993

Mwanangu Dalenda,

Nimepokea barua yako na kuibusu, na Ulfa nimembusu kwenye karatasi. Mungu amkuze. Huku tuko katikati ya mavuno, banda limejaa tende mpaka mlangoni, nyuki wanatutembelea kama jamaa wa karibu. Ridha kanunua pikipiki. Mkewe kakasirika, kanuna, kapanda pikipiki, kanuna tena akiwa juu yake. Mimi mzima. Siku hizi nachambua tende nikiwa nimekaa, kwa kuwa kusimama ni kazi ya vijana.

Nitakugombeza, tena sana. Nenda kapimwe! Sukari haikuandikii barua kwanza kwamba inakuja.

Kuhusu chakula, sikiliza. Mkate wa shayiri, siyo mweupe. Adesi na dengu mara nyingi uwezavyo. Mboga za majani zijaze nusu ya sahani. Samaki, na ninyi watu wa Sfax mnao mpaka wanawachosha. Mafuta ya zeituni badala ya samli. Kuskusi iwe ya shayiri, na isizidi ngumi yako, yako wewe, siyo ya Lasad. Tunda zima badala ya maji ya tunda. Soda usiilete hata nyumbani. Baada ya kula tembea nusu saa. Nyonyesha mtoto, kwani kunyonyesha kunamlinda mama pia. Usishinde na njaa halafu jioni ukala kama umetoka kifungoni.

Ridha alitaka nikutumie kreti ya tende, nimemzuia mkono ukiwa tayari kwenye kamba. Tende tatu kwa siku zinatosha. Hapa Nefta nimelisema hilo kwa sauti ya chini.

Huyo Manubia mwambie ukweli. Ukishindwa, basi endelea kumlisha mwanawe.

Mama yako mkubwa,
Mabruka


Sfax, 2 Desemba 1993

Mama Mkubwa mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa kazi. Ulfa anacheka usingizini. Zeituni zimeanza kuingia kinuni na mji wote unanuka kama saladi. Wote wazima, isipokuwa Lasad amenenepa.

Kanenepa kilo tisa. Shingo imepotea. Bi Beya, jirani yetu ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa hata kwa chakula, kaja kunipa hongera ya uzazi, akanitazama mimi, akamtazama yeye, akasema, "Haya, nani kazaa humu ndani?" Tangu siku hiyo wanawake wakija wanampa Lasad mayai. Mmoja kamletea mafuta ya kukandia kiuno. Juzi nimewasikia uani:

"Maskini, kachoka."

"Wa kwanza ndiyo huwa hivyo. Wa pili atazoea."

Yeye hakatai. Mara mbili nimemkuta kajilaza kitandani kwangu na mto chini ya magoti, akiwapokea wageni.

Mimi zriri sijaila tangu mwanzo, na sasa nakula ulivyoniandikia, nimepungua. Kilo sitini na moja. Ijumaa ya kwanza Manubia aliguna, ya pili akapika zriri nyingine. Ikabidi niokoe maisha yangu. Nimeshona mifuko ndani ya kanzu, na kila nikipita kinuni nachukua jiwe moja la mizani, yale ya chuma, naliweka mfukoni. Nilianza na la kilo moja. Sasa nina mawili ya kilo moja, mawili ya kilo mbili, na moja la kilo tano linaloning'inia mgongoni. Ijumaa iliyopita "nilinenepa" kilo nne, Manubia akapiga vigelegele. Kutembea nayo ni mazoezi tosha, naamini daktari angefurahi.

Swali. Nilipompeleka Ulfa kliniki, Bi Siham kauliza tena kama kwetu kuna aliyewahi kuzaa mtoto mkubwa kupita kiasi, kwa sababu siku hizo sukari ya mimba haikupimwa na mtoto ndiye aliyekuwa kipimo. Nikakumbuka mnavyosema Ridha alizaliwa kilo tano na nusu. Je, wewe umewahi kupimwa? Na haya ya shayiri na ngumi na nusu ya sahani, umeyajulia wapi?

Dalenda


Nefta, 13 Desemba 1993

Mwanangu,

Baraka za Mungu juu yako na juu ya mtoto, na akili kidogo juu ya mumeo. Mavuno yanakwisha. Pikipiki ya Ridha imeharibika, mkewe kafurahi, kisha kaikumbuka safari ya kwa mama yake, kanuna.

Ndiyo, Ridha alikuwa kilo tano na nusu. Mkunga alimbeba kwa mikono miwili akaomba kiti. Watu walitoka Tozeur kuja kumwona. Baba yake alichinja. Alivyokuwa mzuri! Mpaka leo huku hakuna aliyempita.

Rudisha mawe ya watu. Mwenye kinu atamsingizia mkulima, na mkulima atamsingizia Mungu. Nenda kapimwe. Hujaniambia siku ya kwenda, na mimi siyo mtoto, naona.

Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu kalamu hii ni nene. Nimevaa kandambili ya Ridha mguu mmoja na kiatu changu mguu mwingine, inapendeza zaidi ya unavyofikiri.

Mabruka


Sfax, 20 Desemba 1993

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Ulfa mzima, maziwa yapo. Mengine yote yameanguka, na nasema kuanguka kwa maana yake hasa.

Siku ya arobaini ilikuwa Jumanne ya tarehe 7. Manubia alitaka mashahidi. Kinu kilijaa, wakulima arobaini hivi na magunia yao, na kwa heshima yangu wakageukia ukutani wote kwa pamoja. Nikapanda kwenye sinia. Ammar akaanza kupakia mawe upande wa pili: ishirini, ishirini, ishirini, kumi. Sinia langu bado liko chini.

"Sabini na ushee!" Manubia akasema. "Ongeza mbili!"

"Mbili sina," Ammar akasema. "Wala moja. Wala tano. Wiki nzima natafuta mawe madogo, kuna mwizi humu ndani."

Wakulima, bila kugeuka, wakaanza kushutumiana. Mmoja akasema siku zote alijua mizani hii ni ya wizi. Mwingine akamwambia, "Wewe nyamaza, gunia lako nusu majani." Wote wakakubaliana sitoki kwenye sinia mpaka mawe yapatikane. Mama Mkubwa, walikuwa wanayatafuta mawe ili wanipime, na mawe yalikuwa mwilini mwangu! Ammar akasema, "Leteni mtoto! Kapimwa kliniki jana, kilo zake tunazijua, atasimama badala ya jiwe." Wakamweka Ulfa kule juu ya chuma cha ishirini, na blanketi lake. Akapitiliza, wakamwondoa. Lasad akajitolea kukaa yeye, Ammar akamwambia, "Wewe ukikaa hapo tutampoteza mkeo darini."

Nikacheka. Sikutakiwa kucheka. Mfuko wa kulia ukafumuka, jiwe la kilo mbili likapita chini ya kanzu, likagonga sakafu. Sinia langu likapanda. Wakulima wakageuka. La pili likaanguka, nikapanda tena. Halafu la tano, hilo lilitoka na mshono wote wa mgongo, na hapo nikapaa kabisa, nikabaki naning'inia juu ya watu kama taa ya msikiti, na Manubia chini yangu ameshika kifua.

"Una nini mwilini?" akauliza.

Nikamwambia. Kule juu hapakuwa na pa kukimbilia, kwa hiyo nilimwambia yote, kwa kelele. Kwamba nilikuwa na sukari ya mimba. Kwamba zriri yake kaila mwanawe. Kwamba mama yangu alianza na kidole kimoja, kikafuata mguu, ukafuata wa pili, na niliyekuwa namwosha ni mimi, nikiwa na miaka kumi na tisa, na sitaki Ulfa aje kuniosha mimi.

Manubia akaachia kifua.

"Alikufa na miaka mingapi, mama yako?"

"Hamsini na mmoja."

"Mimi nina sitini na mitano," akasema. Halafu akanijia juu, "Na ulikuwa umefunga mdomo wa nini? Ningekupikia ufuta bila asali! Ningepika supu ya adesi! Unaniacha nikuue kwa mkono wangu mwenyewe, na watu wanakula vikombe vyangu wananisifu!" Akalia, mimi nikalia, Ammar akawaambia wakulima wageukie ukutani.

Sasa kila asubuhi ananitembeza kuzunguka mtaa huku ameshika saa. Lakini kliniki kupimwa sukari sijakwenda. Manubia anadhani nimeshakwenda. Naogopa, Mama Mkubwa. Nikipewa ile karatasi ya majibu nitamwona mama pale.

Hukujibu swali langu. Na ile kandambili ya nini?

Dalenda


Sfax, 10 Januari 1994

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Sote wazima. Nimengoja, posta wameshanichoka. Sitakwenda kupimwa mpaka uniandikie. Nimesema.

Dalenda


Tozeur, 27 Januari 1994

Mwanangu Dalenda,

Nakusalimu kutoka kitandani. Ridha mzima, mkewe mzima, ndio walionileta hapa hospitali, watatu kwenye pikipiki, sasa imetengenezwa, mimi katikati. Mguu nilikuwa nimeuelekeza mbele, watu wa njiani walidhani tunaonyesha njia.

Kidole gumba cha mguu wa kushoto kimekatwa. Kilianza na kokwa ya tende niliyoikanyaga mwezi wa tisa. Sikuisikia. Nilitembea nayo kiatuni wiki mbili, Dalenda, mimi ambaye zamani nikikanyaga punje ya mchanga mtaa unapata habari.

Nina sukari miaka kumi na mmoja. Hajui mtu, Ridha kajua juzi. Unauliza shayiri na ngumi na nusu ya sahani nilivijulia wapi. Nilipewa karatasi siku ile walipoigundua. Nikaikunja nikaiweka ndani ya kabati, na barua yako ilipokuja nikaitoa nikanakili kila kitu, hata ile ya kutoshinda na njaa. Mimi mwenyewe sikuwahi kufanya hata mstari mmoja. Nilikuwa nakuandikia na sinia la tende liko mapajani.

Mkunga aliomba kiti, na sisi tukachinja. Ile kilo tano na nusu ilikuwa inaniambia kitu na mimi niliisikia kama sifa. Lakini kusema kweli, hata ningeelezwa, ningekataa. Kwa mama yako niliona jinsi inavyokwenda. Nilidhani nisipoitaja haitanijua.

Usinisubiri mimi. Mimi ni mtu mbaya wa kusubiriwa kwa jambo hili. Nenda kesho.

Mabruka


Sfax, 9 Februari 1994

Mama Mkubwa wangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama jikoni na sikuweza kukaa. Nilikukasirikia sana, mchana kutwa. Kisha nikaenda kumwambia Manubia kwamba nilimdanganya, kwamba sijapimwa. Akafunua simu mbele yangu, akapiga kliniki, akaomba siku kwa sauti ambayo hata bila simu wangeisikia.

Tumekwenda jana. Unafika na njaa, wanakutoa damu, wanakunywesha maji ya sukari, unakaa saa mbili bila kula wala kutembea, wanakutoa tena. Manubia alikishika kile kikombe akakinusa. "Gramu sabini na tano za sukari," akamwambia muuguzi, "ndani ya maji? Hata ufuta mmoja? Hata lozi moja ya kumchekesha mtu? Umaskini gani huu?" Muuguzi akasema, "Bibi, hiki ni kipimo." Manubia akasema hata kipimo kina adabu zake.

Halafu akalinda. Saa mbili nzima kasimama katikati ya chumba cha kungojea. Mzee mmoja kafungua mkate wenye tuna, Manubia akamrukia, "Funga hiyo! Hapa mtu anapimwa sukari!" Mzee akasema, "Lakini mimi nimekuja kwa jino." "Basi unakula kwa jino gani?" Mpaka tunaondoka, watu wazima kumi na sita walikuwa wameficha vyakula vyao chini ya viti. Mimi sikucheka hata mara moja. Alipoona hivyo aliacha kulinda, akaja akakaa, akanishika mkono.

Kabla ya kunywa, gramu sifuri nukta tisini na mbili kwa lita ya damu. Baada ya saa mbili, moja nukta ishirini na nane. Bi Siham anasema sina. Leo sina. Amelisisitiza neno "leo": nirudi kila mwaka, niendelee na shayiri na kutembea, na mimba nyingine ikija nije mapema. Manubia alimwuliza, "Na mimi je?" Wakampima kidole palepale. Kumbe mzima kabisa, sitini na mitano na samli yote ile. Kakasirika, anasema haki haipo. Aliyeambiwa aangalie sana ni Lasad. Kilo kumi na tano, Mama Mkubwa. Wanawake wa mtaani wanamwuliza ataacha lini kunyonyesha.

Niliogopa kumwona mama kwenye ile karatasi. Sikumwona. Nilikuona wewe na kiatu chako.

Kwa hiyo sitaki tena barua ya kuniambia nile nini. Nataka namba yako. Usiniandikie kwamba hujambo. Andika namba ya asubuhi hiyo, kabla ya chakula, kama ilivyo. Mimi yangu nimekupa.

Dalenda


Nefta, 21 Februari 1994

Dalenda,

Mbili nukta kumi na moja.

Juzi ilikuwa mbili nukta arobaini. Nilitaka kuandika moja na nusu, kalamu ikafika kwenye karatasi, nikaona haya.

Nimerudi nyumbani. Ramadhani hii sifungi, daktari kanikataza kwa kunitikisia kidole, nami nimekuwa makini na vidole. Saa sita mchana nakula adesi peke yangu jikoni, mlango wazi, kila anayepita namwambia kwa nini. Dawa nameza. Usiku wa kwanza walinipa tende nne za futari nikala moja, kisha nikakaa nazitazama zile tatu mpaka Ridha akaziondoa bila kuniuliza, na nikamchukia kwa dakika tano.

Macho pia hayako sawa. Kalamu haikuwa nene. Nitakwenda kuonwa mwezi ujao, na nitakuandikia watakachosema, siku hiyo hiyo, hata kama sikipendi.

Ridha hajambo, mkewe hajambo. Kesho asubuhi napima tena.

Mabruka